Rammstein na albamu isiyo na jina: moto upo wa kutosha, ila kuna historia wameiruka

Mambo vipi wadau, karibuni tena, na kama ni mara yako ya kwanza karibu sana, jisikie nyumbani. Leo nina mzigo mezani ambao mmeuomba muda mrefu. Ngoja nisogeze kwenye kamera muone vizuri. Hii ni kava la santuri, jeupe pe, katikati kuna njiti moja ya kiberiti ambayo haijawashwa, basi. Mbele hapa hujaandikiwa jina la bendi wala jina la albamu, na albamu yenyewe kweli haina jina. Hii ni Rammstein ya tarehe 17 Mei 2019, ngoma 11, na ilikuja baada ya mashabiki kusubiri karibu miaka kumi tangu ile ya 2009.

Kwa wale ambao hawawajui hawa jamaa, niwape haraka haraka. Ni bendi ya metali ya Berlin, ilianza 1994, watu sita, na mpaka leo ni wale wale sita, hajatoka mtu hajaingia mtu, kitu ambacho kwenye bendi za hivi ni nadra mno. Muimbaji ni Till Lindemann, kinanda anapiga Flake. Wote wamekulia Ujerumani Mashariki, ile ya kikomunisti, ambako ili bendi iruhusiwe kupiga mbele za watu lazima kwanza ipite kwenye kamati ya serikali iwasikilize iwape kibali. Wengine kwenye hii bendi wamepitia hayo wakiwa vijana. Kwa hiyo ukiona watu wazima wanafurahia kuchokoza kila anayesema hili lisemwe hili lisisemwe, ujue wametoka wapi.

Sasa tuingie kwenye kelele zenyewe. Tarehe 26 Machi 2019 wakatupia kionjo kifupi sana, hata dakika haifiki. Ndani yake unawaona wanne kati yao wamevaa yale mavazi ya mistari ya wafungwa wa kambi za mateso za Wanazi, wana vitanzi shingoni, wanasubiri kunyongwa. Halafu inakuja tarehe na neno Deutschland, yaani Ujerumani, ambalo ndilo jina la ngoma, mwisho. Nchi nzima ikalipuka. Charlotte Knobloch, mama ambaye alikuwa kiongozi wa Baraza Kuu la Wayahudi Ujerumani na ambaye mwenyewe aliponea utotoni kwa kufichwa kijijini wakati wa Hitler, alisema hapa bendi imevuka mpaka. Afisa wa serikali anayeshughulika na chuki dhidi ya Wayahudi naye akawakemea, na Israel kutoka wizara ya mambo ya nje wakalalamika.

Mimi nasimama na yule mama kwenye kionjo. Kabisa. Huwezi kuchukua kitanzi cha mtu aliyeuawa kweli ukakifanya tangazo la kuuza ngoma, bila maelezo, bila muktadha, halafu useme subirini siku mbili mtaelewa. Aliyepoteza ndugu zake pale hana kosa lolote kuumia kwa siku hizo mbili.

Ila video kamili ilipotoka tarehe 28, dakika tisa na ushee, ni kitu kingine kabisa. Inaanza na askari wa Kirumi msituni, mwaka 16 baada ya Kristo, halafu inaruka ruka, watawa wa zama za kati wanakula soseji na kabichi juu ya mwili wa mwanamke, pambano la ngumi la miaka ya 1920, lile puto kubwa la Hindenburg, kuchomwa kwa vitabu, kambi ambako wafungwa walifanyishwa kazi ya makombora ya V2, wakubwa wa chama kule Mashariki na medali zao, magaidi wa miaka ya 70, mpaka chombo cha anga za juu. Na katikati ya yote hayo kuna Germania, nchi yenyewe kama mwanamke, na anayeicheza ni Ruby Commey, mwigizaji Mjerumani mweusi. Kwenye tukio moja kavaa sare za SS, kile kikosi cha Wanazi, na kitambaa jichoni, anatazama watu wakinyongwa. Kwenye tukio lingine wale wafungwa wa mistari ndio wameshika bunduki na Wanazi ndio wanapigwa risasi usoni. Maneno ya wimbo ni ya mtu anayetaka kuipenda nchi yake na anashindwa, anasema wazi kwamba hawezi kuipa upendo wake. Sasa nyie niambieni, wimbo wa kizalendo wa mrengo wa kulia unaweza kusema hivyo? Hauwezi. Na kumpa mwanamke mweusi nafasi ya kuwa nchi nzima, kwa watu ambao kila siku wanatuuliza sisi weusi hapa Ujerumani "lakini kwenu hasa ni wapi", hiyo ni hatua na naipongeza kwa moyo wote.

Lakini.

Nimeitazama ile video kwa kusimamisha simamisha, tukio kwa tukio, nikitafuta kitu kimoja, na hakimo. Afrika haimo. Video inayotembea miaka elfu mbili ya Ujerumani, inayoonyesha mpaka puto lililoungua, haina hata sekunde moja ya makoloni. Mkutano wa Berlin wa 1884 mpaka 1885 ulifanyika kwenye mji huu huu wa bendi yenyewe. Namibia Wajerumani waliwaua Waherero na Wanama kuanzia 1904. Kwetu Tanzania vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907, Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi ili watu wafe njaa, na wanahistoria wapo wanaokadiria mpaka watu 300,000 walikufa. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, alinyongwa 1906, kwa hiyo vitanzi vya Wajerumani watu wa Ruvuma wanavijua kabla hata ya hao Wanazi hawajazaliwa kisiasa. Ilibidi tufike Novemba 2023 ndipo rais wa Ujerumani, Steinmeier, akaenda Songea kuomba msamaha. Na sisemi hivi kupunguza uzito wa kambi za mateso, kila damu ina uzito wake. Ninachosema ni kwamba ukijipa kazi ya kusimulia dhambi zote za nchi yako na umemweka mwanamke mweusi katikati ya fremu, halafu ukamruka yule aliyenyongwa akiwa mweusi, umeacha pengo na mimi kama Mtanzania ninayeishi huku naliona kila nikibonyeza plei.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Afrika wameikumbuka kwenye ngoma nyingine, Ausländer, yaani Mgeni. Hii ni ngoma ya kudansi, biti nyepesi, inachanganya lugha kibao, inahusu mwanaume anayezunguka dunia anatafuta wanawake kila anapofika. Kwenye video wanashuka kwa boti ya mpira kwenye kijiji cha Waafrika, wanawachekesha watu kwa kuwakejeli wakoloni na watalii wa ngono kwa pamoja. Najua wanaokejeliwa ni wazungu, sijakataa, na kichekesho chenyewe nimekielewa. Ila ona mgawanyo: Ulaya imepewa tamthilia nzito ya dakika tisa na machozi, Afrika imepewa kichekesho cha ufukweni. Hapo ndipo ugomvi wangu na hii albamu ulipo, na nilitegemea magazeti ya hapa yaliyopiga kelele wiki nzima yangeligusa, sikuona.

Haya, muziki wenyewe sasa maana kuna watu wanauliza tu je inapiga? Inapiga. Prodyuza ni Olsen Involtini, na gitaa za Kruspe na Landers zimerekodiwa safi mno, nzito lakini haziko tope, hata ukisikiliza kwa spika ndogo ya simu unasikia kila moja iko upande wake. Radio ni nzuri sana, inahusu kusikiliza redio za Magharibi kwa siri enzi za Mashariki, na wazee wetu waliokuwa wanasogeza antena usiku kutafuta idhaa za mbali wangeielewa bila kujua Kijerumani. Zeig dich inaanza na kwaya kama uko kanisani halafu inalipua unafiki wa viongozi wa kanisa. Diamant ni taratibu, fupi, nzuri. Sex na Tattoo naziruka, siwadanganyi, zimejaa mazoea. Halafu kuna Puppe. Puppe isikilize ukiwa na utulivu: mtoto amefungiwa chumbani na mdoli, dada yake chumba cha pili anauza mwili, na pale kiitikio kinapoingia Lindemann haimbi tena, anapasuka, sauti inachanika kabisa kama mtu anayelia na kutapika kwa wakati mmoja. Ni dakika bora kabisa ya hii albamu na pengine ya maisha yake yote ya kuimba. Ila watoto wasiisikilize, na Hallomann ya mwisho nayo vilevile, inahusu mtu anayewinda watoto.

Shoo sasa. Ziara ya viwanja ilianza Gelsenkirchen tarehe 27 Mei 2019, na mimi niliwaona hapa Berlin, Olympiastadion, uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Hitler ya 1936. Kuusikia wimbo wa Deutschland kwenye mawe yale ni jambo ambalo video haiwezi kukupa. Kwanza gitaa zinanyamaza, Kruspe yuko juu na mashine anapiga rimiksi, wenzake wamevaa nguo za taa wanacheza gizani unaona mistari tu ya mwanga, halafu ndio ngoma yenyewe inaanguka. Kwenye Puppe wanaleta kigari cha mtoto kikubwa kama nyumba, kina kamera ndani, kinawashwa moto, na karatasi nyeusi zinamwagika juu ya uwanja mzima zinatua mabegani na kwenye bia za watu. Moto nao sio wa kuigiza, nilikuwa mbali na jukwaa na bado joto lilinifika usoni kila walipowasha, watu wanageuza nyuso upande kisha wanarudi kutazama. Halafu Engel, wimbo wao wa zamani, wanakuja kwenye jukwaa dogo katikati ya watu, piano tupu na sauti, uwanja mzima unaimba. Wakimaliza, wanapanda boti za mpira na watu wanazipitisha juu ya vichwa mpaka jukwaa kuu, ambako Lindemann amewasubiri na ubao wa Willkommen, yaani Karibuni. Nchi ambayo miaka ile inagombana kuhusu wakimbizi wa Mediterania, kwa mikono ya mashabiki wenyewe, hawajatoa hotuba yoyote. Hapo niliwavulia kofia.

Siwezi kumaliza bila ya 2023. Wakati ziara inaendelea, wanawake kadhaa walijitokeza wakaeleza jinsi wasichana walivyokuwa wanachaguliwa na kuwekwa mbele kabisa ya jukwaa, sehemu iliyoitwa safu sifuri, ili wapelekwe kwenye pati na Lindemann, na wengine wakasema mambo mazito zaidi. Yeye kupitia mawakili alikana. Waendesha mashtaka wa Berlin walifungua uchunguzi mwezi Juni, mwisho wa Agosti wakaufunga kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Hiyo ndiyo hali ya kisheria na sitaongeza la kwangu juu yake. Ila huo mpango wa kuchagua wasichana, hata ukiondoa kila kinachobishaniwa, ni mpango wa hovyo, staa wa miaka sitini na mashabiki wa miaka ishirini, na dada yangu mdogo nisingemwacha aende. Kama wewe kwa hilo tu humsikilizi tena, nakuelewa kabisa na sitakubishia kwenye komenti.

Kununua? Kama una mashine ya santuri chukua hii, ziko sahani mbili, sauti ina hewa kuliko kwenye simu. Kama huna, usijitese, sikiliza mtandaoni, anza na Radio, ikikushika nenda Deutschland na video yake kamili, sio kionjo, kisha Puppe ukiwa peke yako. Mimi naipa nane kwa kumi kwa muziki, na hizo mbili nimezikata kwa Sex na Tattoo. Lile pengo la makoloni sijalikatia alama, kwa sababu alama haziwezi kulilipa.

Video ijayo natoka na kamera naenda mtaa wa Wedding hapa Berlin, kwenye Maji-Maji-Allee, kipande cha barabara kilichopewa jina hilo Agosti 2024 badala ya Petersallee, jina lililowekwa mwanzoni kwa heshima ya yule mkoloni Carl Peters ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Kama una ndugu au mwalimu kule Songea anayejua habari za Nduna, mwambie aniandikie maswali ya kuwauliza wakazi wa barabara hiyo.