Uzoefu wangu wa kuunda upya injini ya Massey Ferguson 135

Kwa misimu miwili trekta langu, Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda 3, lilikuwa likitoa moshi wa bluu na kula karibu lita moja ya oili kwa kila siku ya kulima, huku presha ya oili ikishuka chini ya paundi 15 kwa inchi ya mraba injini ikishapata moto. Mwanzoni fundi mmoja alibadilisha ringi za pistoni peke yake bila kupima laina (mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), na kabla mahindi hayajafika kiunoni moshi ulikuwa umerudi. Ndiyo maana Agosti mwaka jana, mashamba ya Babati yakiwa makavu na hakuna anayeulizia trekta, niliifungua injini yote. Hapa naeleza nilivyoiona seti ya spea niliyonunua na karakana ya Arusha iliyonikerezea.

Trekta hili halina chesisi. Injini yenyewe ndiyo inayounganisha ekseli ya mbele na giaboksi, kwa hiyo kuitoa ni kulitenganisha trekta vipande viwili. Kabla ya kulegeza boliti tulipiga kabari za mbao kati ya ekseli ya mbele na kishikilio chake, pande zote mbili, kwa sababu ekseli hiyo hucheza kwenye pini moja ya katikati na bila kabari sehemu ya mbele ingelala ubavu. Chanzo cha uchakavu tulikiona siku hiyohiyo: mpira unaotoka kwenye chujio la hewa ulikuwa umechanika upande wa chini, mahali pasipoonekana, na vumbi la shambani lilikuwa likiingia moja kwa moja kwenye silinda.

Kosa langu kubwa lilikuwa kununua seti nzima, pamoja na beringi za saizi ya kiwandani, kabla krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) haijapimwa. Karakana ilipoipima ilikuta shingo zake zinazoshika konrodi (mikono ya pistoni) zimekuwa duaradufu, ikalazimika kuzikereza kwa sehemu 20 za elfu moja ya inchi, na shingo kuu zinazokaa kwenye bloki kwa sehemu 10. Beringi zangu zikawa hazifai, na duka lilikataa kuzipokea kwa kuwa boksi lilikwisha kufunguliwa. Anayetaka kufanya kazi hii apeleke kwanza bloki (mwili wa injini) na krenki zikapimwe, ndipo aende dukani na karatasi ya vipimo mkononi.

Vitu vingine vya seti nimeridhika navyo, isipokuwa gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ambayo ilikuwa kavu na yenye nyufa nikainunua nyingine. Pistoni zote 3 nilizipima kwenye mizani ya duka la jirani na tofauti yake haikufika gramu 5. Laina zilikuwa za aina inayoingizwa kwa presi, kisha kuchongwa na kusuguliwa kwa jiwe zikiwa ndani ya bloki, na kazi hiyo karakana iliifanya kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona. Waliniandikia kipimo cha kila silinda juu, katikati na chini, wakanionyesha kwamba laina za zamani zilikuwa zimelika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia.

Lakini bloki waliyosema imeoshwa haikuwa imeoshwa. Tulipotoa plagi za njia za oili na kupitisha brashi ya waya yenye dizeli, ulitoka unga mweusi wa chuma ambao ungekwangua beringi mpya katika saa za mwanzo. Tulirudia kuosha na kupuliza kwa kompresa mpaka kitambaa cheupe kikatoka safi. Kwa bei niliyolipa, hili lilipaswa kuwa jukumu lao.

Baada ya kufunga, tuliweka nafasi ya valvu milimita 0.30 injini ikiwa baridi, na tukakaza tena hedi (kifuniko cha juu cha silinda) baada ya kuiwasha hadi ikapata moto. Sikuiacha iungurume muda mrefu bila kazi, kwa kuwa ringi mpya hukaa vizuri zinapopata mzigo wa wastani. Ilianza na tela tupu, kisha jembe la diski mbili kwenye udongo laini, na oili niliimwaga baada ya saa 30. Sasa imefanya kazi saa 120, presha ni paundi 45 ikiwa na moto, na nimeongeza nusu lita tu ya oili.

Kinachonisumbua bado ni sili ya nyuma ya krenki, ile ya kamba ya kuzuia oili isivuje, inayodondosha matone machache kila usiku. Kijana wangu aliifunga ikiwa kavu na akakata ncha zake zikawa sawa na uso wa kishikilio, wakati zilitakiwa zizidi kidogo ili zibanane. Mashamba yakikauka tena nitalitenganisha trekta kwa ajili ya kamba hiyo peke yake.