Wote wanauliza gari inakunywaje mafuta, hakuna anayeuliza inakulaje oili: injini za silinda nne nilivyozipanga mimi

Mwaka juzi Desemba tumetoka Dar saa kumi na moja alfajiri, mimi, mama na wadogo zangu wawili, tunaenda Moshi kula sikukuu. Tunakaribia Korogwe, kila nikikanyaga breki kile kitaa chekundu cha kibirika cha oili kinawaka halafu kinazima, mdogo wangu akasema dada hiyo sensa tu, twende. Nikasimama. Nikachomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), nikaifuta na kona ya kitenge cha mama (alinuna mpaka Same), nikairudisha, nikaichomoa tena: kavu. Nchani kabisa kuna kaunyevu keusi, basi. Na servisi nilikuwa nimefanya kilomita 2,800 tu nyuma, sio elfu kumi. Injini yenyewe inabeba oili lita 3.7 ukibadilisha na filta, petroli stesheni niliongeza lita mbili na nusu ndio ikafika kwenye alama ya juu, piga hesabu mwenyewe nilikuwa natembelea nini.

Gari ni Toyota Wish, 1.8, injini 1ZZ-FE. Haivuji hata tone, chini ya gari pakavu, sakafu ya nyumbani haina doa. Inaila tu, kimya kimya, inaitoa kwa eksozi.

Kwa hiyo hapa sitaongelea kunywa mafuta, sitaongelea nguvu, rangi wala redio, hayo dalali atakuambia bila kuulizwa. Mimi nazipanga kwa kitu kimoja, inakula oili au haili, na ikianza kula inaponaje.

Kwanza uelewe inavyokula. Pistoni ina pete tatu, ya tatu ya chini ndiyo inakwangua oili kwenye ukuta wa silinda, na nyuma ya hiyo pete pistoni ina vitundu vya kurudishia oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Pistoni za mwanzo za 1ZZ vitundu vyake ni vidogo na vichache, oili ikipikwa na joto inageuka masizi, masizi yanaziba vitundu, pete inaganda kwenye mfereji wake, hapo tena haikwangui kitu, oili inapanda juu inaungua pamoja na petroli. Ndio maana ukibadilisha oili kila siku haisaidii, ugonjwa uko ndani. Toyota wenyewe baadaye walibadilisha pistoni wakaongeza matundu, kwa hiyo 1ZZ za miaka ya mwisho mwisho zina nafuu, ila nyingi zilizojaa huku ni zile za 2001 mpaka 2004.

Sasa siri ambayo ningeijua ningeokoa hela. Huna haja ya kufungua boneti, soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi. Spacio NZE ni 1NZ (hiyo ndiyo haili), Spacio ZZE ni 1ZZ. Premio na Allion za umbo la zamani, NZT ni 1.5, ZZT ni 1.8, AZT ni 2.0 ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Wish ikianza na ZNE ni 1ZZ, ANE ni D4. Gari mbili zimepaki zimefanana kama mapacha, bei ileile, wakati mwingine hiyo ya ZZ ndiyo ghali eti kwa sababu "hii dada ina nguvu ya kupanda mlima". Na ushuru wa hapa Tanzania wa cc, yaani ukubwa wa injini, hauwezi kukusaidia kuchagua maana 1.5, 1.8 na 2.0 zote zinaangukia kundi moja, na kodi ya uchakavu zote zinalipa kwa sababu zimeshapita miaka 8. Wenzetu Kenya iliyopita miaka 8 hairuhusiwi kabisa kuingia, kwa hiyo wao za zama hizi wananunua zilizokwisha kutumika hukohuko, tatizo ni lilelile tu limebadilisha mwenye nyumba.

Haya, namba moja ni 1NZ-FE na sitaomba msamaha, mimi ni mtu wa Toyota na ndani ya Toyota ni mtu wa 1NZ. Cc 1497, valvu 16, cheni sio beliti, VVT-i (inarekebisha yenyewe muda wa valvu kufunguka). IST (hakikisha NCP61, maana NCP60 ni 1.3), Spacio, Probox, Succeed, Raum, Runx, Fielder, Premio ya 1.5. Angalia Probox zinazobeba mirungi, vifaranga na abiria tisa kila siku ya Mungu, zinafanyiwa servisi ya kubahatisha na bado zinaamka asubuhi. Ina kasoro zake, usidanganywe: wota pampu inaanza kuvuja kidogo kidogo na watu wanaongeza maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), throto, yaani mlango wa hewa, ikichafuka sailensa (mngurumo gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka, na ukikawiza oili mpaka ikawa lami cheni inaanza kulia asubuhi kama cherehani. Na bloku ni aluminiamu yenye silivu (koti la ndani la silinda) nyembamba, ikichemsha vibaya mara moja imekwisha, fundi akikuambia tuichonge tuweke pistoni kubwa muulize hizo pistoni anazitoa wapi. Lakini kula oili? Ikila ujue kuna mtu aliitesa kabla yako. Yangu ya sasa naiangalia kila Jumamosi, tangu servisi mpaka servisi inashuka upana wa ukucha.

Namba mbili 3S-FE. Ya kizamani, bloku ya chuma, cc 1998, ipo kwenye Corona, Rav4 za kwanza, Ipsum na Noah zile za mwanzo. Inatumia beliti, ibadilishe kila kilomita laki moja, lakini hata ikikatika njiani valvu hazigongani na pistoni, unavutwa, unafungwa beliti mpya, unaondoka. Oili inaweza kupungua kwa ajili ya umri, hapo mara nyingi ni sili za valvu na hizo fundi wa kawaida anazibadilisha. Shida yake gari zenyewe zimechoka, bodi imeoza injini nzima. Angalia tu usiuziwe 3S-FSE, hiyo ni D4, ni mdogo mtu wa balaa.

Namba tatu 2ZR-FE, Premio na Allion za umbo jipya kuanzia 2007, cc 1797. Hii ndiyo Toyota walitubu dhambi za 1ZZ. Angalia wota pampu na pale cheni inapokazwa, panapenda kulowa oili kwa nje, ni oringi ya bei ya soda. Ningeiweka ya pili kama bei zingekuwa za binadamu.

Za bei nafuu kwa haraka: 2NZ ya 1.3 ni ndugu wa 1NZ, nzuri tu, usipakie ukoo mzima. K3-VE ya Cami na Terios sawa. HR15DE ya Nissan Tiida na Note, sawa pia, wenye Nissan wasinitafute.

QR20DE ya X-Trail naiweka chini kwa sababu ileile ya oili. Ile katalisti, kisafishio cha moshi wa eksozi, iko jirani kabisa na injini, ikianza kumomonyoka ule unga wake unavutwa unarudi ndani ya silinda, na ule unga ni msasa, unasaga ukuta na pete. Gari nzuri kwa macho, safari ndefu inanoga, halafu kwenye buti kuna gudulia la oili.

Halafu 1ZZ yangu. Halafu chini kabisa 1AZ-FSE, D4, ya Noah za 2001 mpaka 2007, Rav4, Wish ya 2.0. Hii hata isipokula oili ina mengine: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa hiyo haioshi valvu za kuingiza hewa, zinajaa masizi, pampu ya presha haipendi mafuta machafu, na kubwa kuliko yote nyuzi za bolti za silinda hedi zinang'oka kwenye bloku, maji yanavuja kwa nyuma ambako huoni, gari inachemsha, unabadilisha gasketi, baada ya mwezi inachemsha tena. Fundi asiyejua atakulia hela ya gasketi mara tatu.

Unaipimaje ukiwa yadi ya kuuzia magari? Usiiangalie dipstiki peke yake, siku hiyo itakuwa imejaa, wameijaza asubuhi wakijua unakuja, na wengine wanaweka ile dawa nzito kama asali ili moshi ukate wiki mbili. Mimi sasa hivi naingiza kidole kwenye bomba la eksozi, masizi makavu ya kijivu sawa, masizi meusi yenye utelezi kama mafuta ya chipsi naaga. Naiacha iungurume dakika tano mpaka ipate moto, mtu anakanyaga mafuta ghafla, mimi nimesimama nyuma, moshi wa bluu ukitoka nimeona. Naomba wachomoe plagi moja niitazame kama ina oili. Yadi niliyonunulia Wish walikataa, "mama gari imetoka Japani juzi unataka kuifungua?", na mimi kwa ujinga nikaona aibu nikalipa. Injini ilikuwa imeoshwa na dizeli inang'aa kama sufuria ya harusi. Niliporudi na risiti za oili wakaniambia kwani uliisoma dhamana? Dhamana ilikuwa siku saba.

Na ukishauziwa, chaguo ni mawili. Kufungua uweke pistoni za matoleo ya mwisho na pete mpya, uombe silinda iwe haijakwaruzwa, au uende Gerezani, kwa wauza vipuri wa Dar, ununue injini nzima yusdi (iliyokwisha kutumika) "ya Japani". Ukienda kununua nzima, muuzaji atakuwashia ikiwa imelala chini ya tairi imefungwa betri na kidumu cha petroli, itaunguruma vizuri dakika moja. Hiyo dakika haikuambii kitu. Mwambie afungue sampu, umpe hela ya gasketi yake, utazame kama kuna lami. Wa kwanza alinicheka. Wa pili alisema njoo kesho. Wa tatu, mzee mmoja, alichukua spana bila kusema neno, akafungua, akanionyesha, na kwake ndio nikanunua, tena ilikuwa 1NZ, nikaipeleka kwenye gari nyingine kabisa. Wish bado iko kwa mama uani, kuku wanatagia chini yake.