Ndege nyepesi ya viti viwili: ipi ununue, na uguse nini kabla ya kulipa

Muuzaji atakuwashia skrini kwanza. Inapendeza, ina ramani na rangi, na wengi wetu tumeduwaa hapo dakika kumi nzima bila kuuliza breki ziko wapi. Mwambie aizime. Keti, funga mkanda, fumba macho, kisha tafuta kwa mkono: throtoli (wenzo wa nguvu ya injini), choki ya kuwashia injini ikiwa baridi, wenzo au swichi ya flapu (vibawa vinavyoshushwa nyuma ya bawa wakati wa kutua), koki ya mafuta, breki. Unachokikosa hapo chini hutakipata angani jasho likikutoka.

Nazungumzia zile ndege ambazo Marekani ilizitungia kanuni zake mwaka 2004: viti viwili, injini moja, uzito wa kuruka usiozidi kilo 600. Mpangilio wangu ni wa namna zinavyoongozwa na kutunzwa. Mbio sikuzihesabu.

Ya kwanza kwangu ni Tecnam P92 ya Italia, inayoruka tangu 1993. Mwili wa matoleo yake ya awali una aluminiamu na ribiti, kwa hiyo fundi aliyezoea ndege za Cessna pale uwanja wa Wilson, Nairobi, haanzi kujifunza upya. Fimbo iko kati ya magoti, flapu ni za umeme, na bawa dogo la mkiani hugeuka lote zima.

Injini yake ya kawaida ni Rotax 912, na hapa tukae kidogo, maana ndipo pesa zinapopotelea. Ile ya nguvu za farasi 100 huzunguka hadi mara 5,800 kwa dakika, lakini giaboksi huipunguzia propela isifike hata nusu ya hapo. Huna wenzo wa kupunguza mafuta kadiri unavyopanda na hewa inavyokuwa nyepesi, kabureta (zinazochanganya mafuta na hewa) zinajirekebisha zenyewe. Waya wa throtoli ukikatika, springi huivuta kabureta ifunguke kabisa: injini haizimi, inapaa na nguvu zote. Oili nayo hukaa kwenye tangi la pembeni. Hakikisha swichi zote mbili za kuwashia injini zimezimwa, zungusha propela kwa mkono upande wake wa kawaida mpaka usikie tangi likibubujika, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili. Ukipima kabla ya hapo utaona imepungua, utaongeza, na utakuwa umeijaza kupita kiasi.

Halafu uliza kuhusu mipira ya injini, yaani hozi na vifaa vingine vya mpira. Niliwahi kuonyeshwa ndege ya miaka tisa, mwenyewe akijisifu kwamba imeruka saa 200 tu. Nikabonyeza hozi ya maji kwa kidole gumba, ikabaki na alama ya ukucha na vijipasuko pembeni. Mipira ya Rotax hubadilishwa kila miaka 5, iruke isiruke. Bei ilishuka palepale.

Ya pili, Flight Design CTLS. Inabeba lita 130, na mafuta unayaona kwa macho kwenye vimirija karibu na kichwa chako, raha iliyoje. Ina parachuti ya ndege nzima, ila roketi yake na kitambaa vina tarehe za mwisho. Soma tarehe hizo kabla ya kujadili bei. Breki ni wenzo mmoja wa mkono, unakamata magurudumu yote mawili kwa pamoja. Kilichoishusha ni mwili wa kaboni: ikitua kwa kishindo, ufa unaweza kujificha ndani, na mafundi wa kaboni si wengi.

Cessna 162 inafuata. Injini yake ni ndugu ya ile ya Cessna 150, mafundi wanaijua. Lakini tairi la mbele linajigeukia tu, unaiongoza chini kwa breki za miguu, kulia au kushoto, na breki zilizochakaa maana yake hakuna usukani. Pale Wilson, zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, mafuta ya injini hii utayapunguza mwenyewe kwa mkono. Na watu wawili wa kilo 85 tangi likijaa mmeshapitisha uzito. Haitengenezwi tena.

Ya mwisho ni Piper J-3 Cub, ya 1938 hadi 1947, ambayo naipenda kuliko zote hizi. Haina umeme, haina flapu. Geji ya mafuta ni waya uliochomekwa kwenye kizibo kinachoelea. Ukiwa peke yako unakaa kiti cha nyuma, na breki unazikanyaga kwa visigino. Farasi 65 kwenye joto la mchana la nyanda za juu ni kutafutana ubaya. Ukiinunua, tafuta kabisa na mtu wa kukuzungushia propela ili injini iwake, tena awe amefundishwa.