Kutia Taa Modeli ya Chombo cha Anga: Ununue Nini Ukiwa Malindi

Modeli ya chombo cha anga ukishagandisha nusu mbili za bodi na kuipaka rangi, haifunguki tena. Taa iliyokufa ndani imekufa. Hutaifikia ila kwa msumeno. Kwa hiyo taa hizi nimezipanga kwa kigezo kimoja: ipi itakuwa bado inawaka mwaka wa tatu, katika nyumba ambayo hewa ya chumvi inaingia mpaka kwenye soketi. Bei imekuja nyuma, na uzuri wa boksi sikuuhesabu kabisa.

Kwanza uhakikishe chombo chenyewe kinataka taa. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, hapo Ngomeni, na mojawapo ndiyo iliyopeleka setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Wengi huku kwetu wangependa kuwa na modeli ya roketi hiyo mezani. Lakini roketi ile haikubeba mtu wala haikuwa na dirisha. Ukiitoboa matundu ya taa umeiharibu. Taa ni za vile vyombo vya kubuni, vyenye safu za madirisha na injini za buluu.

Ninachokiweka juu ya vyote ni LED za kawaida za milimita 3 na 5, zinazouzwa moja moja, pamoja na nyuzi za faiba, zile nyembamba zinazopitisha mwanga ndani yake. LED hizi ni za shilingi chache, zinapatikana Luthuli Avenue kule Nairobi na zinatumwa kwa basi, na fundi simu yeyote mjini anaweza kukulehemea kama huna kifaa cha kulehemu. Usizipeleke kwenye umeme bila rezista, kile kidude cha kupunguza umeme unaopita. Hesabu yake ni nyepesi: toa volti za LED kwenye volti za chanzo, kisha gawa kwa ampea. Nyeupe na buluu hula kama volti 3, nyekundu kama 2. Kwa chanzo cha volti 5 na miliampea 10, yaani ampea 0.01, nyeupe inataka omu 200, kwa hiyo nunua ya 220. Nyekundu inataka 300, nunua ya 330. Kila LED na rezista yake. Ukizifunga kadhaa sambamba kwenye rezista moja, hazigawani umeme sawa, na inayokula zaidi ndiyo hutangulia kufa. Miliampea 10 zinatosha kabisa japo LED huandikwa 20. Ndani ya bodi iliyofungwa, taa isiyosukumwa hadi mwisho ndiyo inayodumu.

Nunua nyeupe zote kwa mkupuo mmoja, duka moja. Nyeupe ya leo na nyeupe ya mwezi ujao hazifanani, na kwenye safu ya madirisha tofauti inaonekana kutoka mlangoni. Kwa madirisha chukua ile yenye umanjano, ya kelvini 3000 hivi. Ile ya 6500 inafanya chombo kionekane kama duka la dawa.

Faiba ndiyo usiyobania pesa. Omba ya plastiki inayotoa mwanga nchani, si ile inayowaka ubavu mzima, maana hiyo ni ya mapambo ya gari. Unene uchague kwa skeli, yaani modeli imepunguzwa mara ngapi kuliko chombo chenyewe. Uzi wa milimita 0.5 kwenye modeli ya 1/350 ni sawa na dirisha la sentimita 17 na nusu. Kwenye ya 1/1000 ni nusu mita, kubwa mno, kwa hiyo huko tumia 0.25. LED moja ya milimita 5 inalisha zaidi ya nyuzi 50 za 0.5 zikikusanywa kwenye kipande cha mrija, ndiyo maana modeli yenye mamia ya madirisha haihitaji mamia ya taa. Kuna watu wanaong'oa nyuzi kutoka yale maua ya taa ya sebuleni yaliyoharibika. Sina ubishi nao, ila pima unene kwanza na uukunje uzi mmoja: ukikatika papo hapo, umeshachakaa.

Pamoja na faiba nunua keekee ya mkono na biti kadhaa za saizi ileile, pana kidogo kuliko uzi: 0.6 kwa uzi wa 0.5. Chukua za chuma cha kawaida. Zile za kabaidi ni kali, lakini mkono ukitetereka zinavunjika. Super gluu weka mbali: inaifanya faiba ikakamae na kukatika kwenye kona, mara nyingi bodi ikiwa imeshafungwa. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na ikikauka haionekani. Nyuzi zote zipitishe kabla ya rangi, uziache zimechomoza nje, kisha uzikate kwa wembe mpya rangi ikikauka, ncha zibaki safi. Taa za kuongozea zinataka kitu zaidi. Sogeza kijiti cha udi kinachowaka karibu na ncha bila kuigusa. Itavimba iwe kidoto cha mviringo, kisha ivute kutoka ndani mpaka ikae kwenye tundu. Nyekundu iwe kushoto, kijani kulia, kama anavyojua nahodha yeyote.

Nafasi ya pili ni LED chembe zilizokwisha kulehemewa nyaya. Ile inayoitwa 0603 ni milimita 1.6 kwa 0.8, ndogo kama chenga ya mchele, na kwa chumba cha rubani kwenye skeli ya 1/72 hakuna kinachoishinda. Inashuka daraja kwa sababu ya waya zake, nyembamba mno. Kukatika ni rahisi na kuunga upya ni kazi ya macho makali.

Ya tatu ni LED za utepe za volti 12, zile wanazofunga vijana wa tuktuk. Zipo mjini, rezista ziko ndani, na unakata kila baada ya taa tatu palipo na alama. Kwa modeli kubwa zinajaza mwanga vizuri. Gundi yake ya nyuma lakini haistahimili joto la hapa, hivyo ikaze kwa njia nyingine, na ndani ya plastiki paka nyeusi kisha nyeupe, la sivyo bodi nzima itang'aa badala ya madirisha.

Seti kamili iliyotengenezwa kwa modeli fulani naiweka ya nne. Kama hutaki kabisa kugusa lehemu, ipandishe. Lakini unalipia usafirishaji na ushuru, na kibao chake cha saketi cha kumetesha taa kikifa, spea huipati huku. Mwisho kabisa ni zile taa za sherehe za waya wa shaba na betri ya kidonge. Betri hiyo, CR2032, ina miliampea-saa 220 hivi tu, haidumu, na waya ule kwa chumvi ya pwani unageuka kijani. Ziache harusini.

Kuhusu chanzo cha umeme, betri isiingie ndani ya bodi hata kidogo, kwa kuwa ikivuja inakula kila kitu. Pitisha nyaya mbili kwenye bomba la stendi na utumie chaja ya simu ya zamani ya volti 5, isipokuwa kwa utepe, ambao unataka volti 12. Pawabenki ni ya kubahatisha: nyingi hujizima zikiona mzigo mdogo, na LED tano za miliampea 10 kila moja ni mzigo mdogo. Wa kukatikiwa na stima kila mara anunue kishikilio cha betri tatu za AA, kisha apige hesabu upya kwa volti 4.5: nyeupe itataka omu 150.

Fundi anayekulehemea mwambie asitumie asidi ya mafundi bati. Inabaki kwenye kiungo na kukila polepole, na unyevu wa Malindi unaiharakisha. Kisha washa kila kitu usiku mzima bodi ikiwa wazi, tikisa kila waya asubuhi, na kinachofifia kibadilishe kabla hujafungua gundi.