Kitafunwa cha chai Mwanza: kipi ununue kwanza, kipi kiwe cha mwisho

Kwa chai ya asubuhi hapa Mwanza, kitumbua cha mchele kilichotoka kikaangoni sasa hivi ndicho ninachokiweka juu ya vingine vyote. Chini yake naweka chapati ya kusukuma, kisha andazi la hamira, kisha viazi vitamu na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa), na mwisho vitu vya bekari: mkate, skonzi na krosanti. Sikupanga kwa bei wala kwa uzuri wa duka. Nimejiuliza jambo moja: mtu anayepita njiani na shilingi elfu mbili mfukoni ana nafasi gani ya kupata kitu kilichopikwa vizuri na ambacho bado hakijachoka?

Ndiyo maana saa ni muhimu kuliko jina la muuzaji. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, ukiwa Kirumba, Mabatini, Igoma, Buhongwa au stendi ya Nyegezi, wapishi wako motoni kwa sababu wateja wamesimama wanasubiri. Ikigonga saa nne, kinachouzwa mara nyingi ni kilichobaki kwenye beseni. Nenda mapema, nenda na chenji. Noti ya elfu kumi alfajiri humsumbua mama wa watu bure, na wewe utakaa unangoja huku chai inapoa.

Sasa vitumbua. Kanda hii ni ya mpunga: Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema, hadi Shinyanga. Mpishi wa Mwanza hana sababu ya kubania mchele. Kinachomtesa ni nazi, kwa kuwa inatoka pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kwa hiyo unaweza kukuta vitumbua vya tui, vya maziwa na vya maji matupu vikiuzwa mtaa mmoja kwa bei ileile. Uliza kabla hujalipa: "Shikamoo mama, hivi umetia nazi?" Muuzaji anayejiamini hujibu bila kununa. Vya tui vina harufu ya upole na ladha inayobaki mdomoni hata sukari ikiwa kidogo. Vya maziwa navyo si vibaya. Vya maji vinategemea iliki na sukari peke yake, na hivyo mimi sivinunui kama kuna vingine.

Kisha simama umtazame akipika, maana hapo ndipo utajua kila kitu. Rojo likimwagwa kwenye shimo lenye mafuta ya moto, pembezoni huchemka papo hapo na kuweka ukingo mwembamba unaokauka kabla ya katikati. Baadaye juu hutokea vitundu vidogo vingi. Mpishi mwenye mkono mzuri hungoja vitundu hivyo vipasuke na uso uanze kukauka, ndipo achomeke kijiti pembeni na kugeuza kitumbua kwa mara moja. Anayegeuza kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu atakupa kitumbua chekundu nje na uji ndani. Ukikipata, kipasue: ndani kuwe na matundu kama sega la nyuki. Kikivutika kama mkate, kimejazwa ngano. Ukisikia chenga chini ya meno, mchele haukulowekwa vya kutosha au haukusagwa ukalainika. Uchachu kidogo ni wa hamira na unapendeza. Uchachu unaokwaruza koo maana yake rojo limekaa mno.

Kitumbua kina udhaifu mmoja, hakisafiri. Kikifungwa kingali cha moto, ule ukingo mkavu unalegea na utamu wake nusu umekwenda. Kile hapo hapo, umesimama.

Chapati ingeweza kushika nafasi ya kwanza kama si hotpoti. Chapati nzuri hupikwa, huwekwa kwenye hotpoti juu ya nyingine zenye mvuke, mfuniko unafungwa, na baada ya saa moja zote zimelowana na kushikamana. Kwa hiyo usichague ya juu wala ya chini. Omba ile iliyo kwenye kikaango. "Dada, nitasubiri hiyo hiyo inayoiva." Kusubiri ni dakika mbili tatu, na tofauti yake ni kubwa.

Namna ya kuitambua: shika ukingo, uvute polepole. Ikiachana tabaka kwa tabaka, donge lilipakwa mafuta, likakunjwa na kupumzishwa kabla ya kusukumwa mara ya pili. Ikikatika kama karatasi ngumu, ama donge halikupumzika ama moto ulikuwa mdogo ikakaushwa badala ya kuiva. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika ni dalili njema. Ukiiona nyeupe yote na inang'aa mafuta, iache. Na kama una njaa ya kweli, usiinywee chai. Tafuta penye supu ya ng'ombe au ya sato, uichovye. Hapo chapati inakuwa mlo, na utakwenda hadi saa nane bila kutafuta kingine.

Maandazi yako ya tatu, lakini kwa msafiri ni ya kwanza. Ukiwa unawahi kivuko cha Kamanga au basi la asubuhi, hakuna kinachovumilia mfuko kama andazi. Chagua lililo jepesi kuliko ukubwa wake. Zito lina ubichi katikati. La hamira lina ndani yenye vinyweleo na harufu ya unga ulioumuka, la baking pauda huwa kama keki na hukauka mapema zaidi. Bonyeza kidogo kwa karatasi. Likiacha doa pana la mafuta, lilikaangwa kwenye mafuta yasiyopata moto, likayanywa.

Hapa niseme juu ya mafuta yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayoharibu tumbo. Mwanza tunakaangia sana ya alizeti na ya pamba, na yote ni mazuri yakiwa mapya. Chungulia karai. Mafuta yaliyorudiwa siku nyingi huwa meusi na mazito, hutoa povu lisiloisha, na moshi wake unawasha macho. Ukiona hivyo ondoka, hata kama maandazi yanapendeza. Tena beba kontena lako. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tunaambiwa tubebe vikapu, lakini bado kitafunwa chenye mafuta kinafungwa kwenye gazeti, na wino haupaswi kuwa chakula cha mtoto.

Viazi vitamu vya kuchemsha havina la kuficha: viwe vya moto, vikavu, visiwe na nyuzi. Msimu ukipita kuna michembe, iliyokatwa na kuanikwa mibichi, na matobolwa, yaliyochemshwa kwanza ndipo yakaanikwa. Nunua sokoni kwa kopo, si kwa gunia, mpaka umjue muuzaji. Vunja kipande: kikatike kwa mlio, kisiwe na unga wa wadudu wala harufu ya ukungu. Pamoja na karanga na chai ya maziwa, hicho ndicho kitafunwa kinachonipa raha zaidi kwa fedha kidogo, na ninaumia kuona vijana wa mjini wanakiona ni chakula cha kijijini.

Mkate wa pakti: soma tarehe, tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ubonyeze pembeni uone kama unarudi. Basi. Skonzi nunua pale pale bekari trei inapotoka, uliza saa yake.

Krosanti naiweka mwisho kwa sababu ni ghali na mara nyingi haikutengenezwa kwa siagi. Hii ya tabaka tunayoijua leo ilikuzwa Ufaransa, na ubora wake wote uko kwenye siagi iliyokunjwa ndani ya donge mara kadhaa. Siagi huyeyuka kwenye nyuzijoto 32 hadi 35, yaani mdomoni mwako, kwa hiyo krosanti ya siagi haiachi kitu kwenye kaakaa. Ya majarini huacha utando unaoteleza hata baada ya kumeza. Muulize mhudumu waziwazi, "Hii ni siagi au majarini?" Kisha iangalie ubavuni: tabaka zionekane, rangi iwe ya kahawia iliyokolea. Iinue pia, ikiwa nzito ni mkate tu uliokunjwa. Kama ni ya jana na bado unaitaka, ipashe kwenye kikaango kikavu chenye mfuniko, moto mdogo kabisa, dakika nne au tano. Usiiweke kwenye maikrowevu, italegea yote.