Nimeichimba data ya CTDC ya manusura wa biashara ya binadamu, haya ndo niliyoyakuta

Haya wadau, wiki mbili nzima nimeshinda kwenye data ya CTDC, ule mradi wa kukusanya data za usafirishaji haramu wa binadamu ulioanza 2017 chini ya IOM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, pamoja na mashirika kama Polaris na Liberty Shared. Kwa kuwa naona watu wanazitaja hizi namba bila hata kufungua faili, acha niseme nilichokiona. Kwanza ni bure, unaingia unadanlodi unaondoka zako.

Siku ya kwanza nilijiaibisha. Nikachukua lile faili la zamani ambalo kila mtu ana mstari wake, nikakuta safu ya waliobanwa kwa madeni, yaani mtu anaambiwa anadaiwa nauli, chakula na malazi, hatoki mpaka alipe, na deni lenyewe kila mwezi linanenepa tu. Nikasema ngoja nijumlishe nione ni wangapi. Jibu likaja hasi, tena hasi ya mamilioni! Nikadhani kompyuta imerogwa. Kumbe 1 ni ndio, 0 ni hapana, na pale pasipojulikana wameweka -99, na imeandikwa vizuri kabisa kwenye maelezo ambayo mi kwa papara zangu sikuyafungua.

Sasa hizo -99 zimejaa, na mtu akiziona anasema data mbovu. Mi nasema hapana, tulia kwanza. Hizi rekodi zinatoka sehemu mbili tofauti: kuna za simu za msaada na kuna za watu waliopokelewa na kuhudumiwa. Mtu anayepiga simu ananong'ona, dakika tatu tu mwajiri asirudi akamkuta, huwezi kumhoji umri wake, nani alimleta, pasi yake iko wapi, unamuuliza kama yuko salama saivi basi. Pengine hata anayepiga si yeye, ni jirani. Ila yule aliyefika kwenye huduma anakaa na mhudumu, anahojiwa taratibu, fomu inajaa. Kuna safu inayokuambia rekodi ni ya upande gani, itenganishe hiyo kabla hujagusa kitu kingine. Na tafadhali "hatujui" usiigeuze "hapana", maana unaweza kutangaza watu hawakupigwa wakati hakuna aliyewauliza.

Kingine kitakachokuudhi ni umri, hupewi kamili, unapewa fungu, 9 hadi 17, 30 hadi 38. Nchi nazo mahali pengine zimefutwa. Hapo waliweka sharti kwamba mchanganyiko wa sifa, jinsia, umri, uraia na kadhalika, usipofikisha watu 11 wanaofanana basi unafichwa. Nilinung'unika mpaka nilipojiuliza nani mwingine anaweza kulidanlodi hilo faili. Si hata yule aliyemuuza manusura? Akikuta mwanamke mmoja tu wa nchi fulani, umri fulani, mwaka fulani, atajua ni nani na kwamba alishaongea.

Baadae wakaja na data sintetiki, wametengeneza na watafiti wa Microsoft, mistari ya watu ambao hawapo lakini ukiijumlisha mwelekeo unakaribiana na wa watu halisi. Toleo lake mojawapo limetokana na rekodi za watu zaidi ya 156,000, nchi na maeneo 189. Kwa kundi kubwa naikubali sana, kwa kundi dogo namba zinayumba kidogo makusudi ili mtu asitambulike, kwa hiyo usijenge hoja nzito juu ya watu kumi na wawili.

Lakini sasa kubwa kuliko yote: humu wamo waliofikiwa tu. Faili la zamani limejaa Marekani, Ufilipino, Ukraine, Moldova, na kuna watu wanakimbilia kusema ndo biashara ilikoshamiri. Aisee, Polaris waliendesha simu ya msaada ya taifa ya Marekani kwa miaka mingi kuanzia 2007, kwa nini Marekani isijae? Nchi isiyo na simu wala mhudumu itaonekana safi kabisa. Hata mwaka uliopo pale ni mwaka wa kuandikishwa, si mwaka alioteswa, kwa hiyo mstari wa grafu ukipanda ghafla angalia kwanza kama kuna shirika jipya limeleta mafaili yake.

Na msichukue hizo 156,000 mkazigawa kwa wale milioni 27.6 wa kazi za kulazimishwa waliokadiriwa na ILO (shirika la kazi duniani), shirika la Walk Free na IOM kwa mwaka 2021, nimeshaona mtu kafanya. Lile ni kadirio, hizi ni rekodi za waliofikiwa, na kazi za kulazimishwa na usafirishaji haramu havilingani moja kwa moja.

Nyota nne kwangu. Kama unataka kujua manusura walishikiliwaje, nani aliwachukua, ndugu au rafiki au mpenzi, na walitumikishwa kazi gani, danlodi leo. Kama unataka kujua wako wangapi duniani, humo hamna.