TAHADHARI: "Cobra ya 1965" yenye karatasi safi, hapa California

Ndugu zangu mlioko California, hasa nyie wapenzi wa magari: nimeingizwa mjini kwa dola 28,000. Naandika kabla mwingine hajafuata.

Gari lenyewe ni Cobra ya kuunda, yaani nakala ya gari la michezo la miaka ya 1960. Unanunua fremu ya mabomba na bodi ya faiba kwa vipande, kisha unafunga injini mwenyewe nyumbani. Hapo hakuna ubaya, watu wanayaunda na kuyasajili kila mwaka. Ubaya ulikuwa kwenye karatasi. Muuzaji alinionyesha hati ya umiliki imeandikwa Ford 1965, ina jina lake, imekaa vizuri kabisa. Mimi na akili zangu za nyumbani, kwamba kadi ikiwa mkononi mambo yameisha, nikalipa.

DMV, ofisi ya jimbo inayosajili magari, wakanituma kwa polisi wa barabara kuu, CHP, wakague namba ya chesisi. Afisa aliinama kama dakika tano tu. Kibati chenye namba hiyo kilikuwa cha zamani, lakini ribiti zake zinang'aa kama za jana, na kwenye fremu yenyewe hakuna namba inayofanana nayo. Muuzaji alichukua kibati na karatasi za mkweche wa 1965 uliokwisha kuwa chuma chakavu, akavihamishia kwenye gari lililoundwa majuzi. Gari limeshikiliwa. Kuchezea namba ya chesisi ni jinai, na nilihojiwa mimi niliyekuja nalo, si yeye.

Kwa nini matapeli wanahangaika hivyo? Moshi. California gari la mwaka 1975 kurudi nyuma halipimwi moshi. La kuunda linapimwa, isipokuwa upate cheti cha sheria ya SB 100, kinachoruhusu lihesabiwe kwa mwaka wa gari linalofanana nalo. Vyeti hivyo ni 500 tu kwa mwaka, jimbo zima, na watu huviwahi Januari. Kwa hiyo Cobra kuhesabiwa 1965 kihalali inawezekana kabisa, ila kwa foleni. Tapeli anakuuzia kuruka foleni bila kukwambia kwamba umeiruka.

Halafu, nikiwa bado nalia, akajitokeza mwingine: nimpe dola 900 anitolee karatasi mpya za jimbo la Vermont kwa posta. Zamani Vermont ilisajili kwa posta magari makuukuu ya watu wasioishi huko. Mlango huo ulifungwa 2023. Huyo nilimkimbia.

Ukitaka gari la kuunda, dai cheti cha asili kutoka kiwanda kilichotengeneza vipande, pamoja na risiti za injini na giaboksi. Linganisha namba ya cheti na iliyogongwa kwenye fremu, kibati usikiamini. Hati ikisema 1965 na fremu ni mpya, ondoka, hata bei iwe tamu namna gani. Na pesa itoke mkiwa pamoja dirishani DMV. Wangu alitaka tukutane kwenye maegesho ya duka saa mbili usiku, nami nikaona kawaida tu, Mungu anisamehe.

Jana nimeona tangazo jipya: Cobra ya kijani, "1966, karatasi safi, haipimwi moshi". Jina la muuzaji ni jingine, lakini picha zimepigwa mbele ya mlango uleule wa bluu wenye kitasa kilichofungwa kwa waya.